UZI: ECU inajuaje nozeli imwage mafuta kiasi gani? Hesabu ya jedwali, hatua kwa hatua

#1 Kalibreta

Wakuu, huwa tunasema "ECU imeongeza mafuta" au "ECU imebana mafuta" kana kwamba ndani ya lile boksi la kompyuta ya injini kuna mtu anaonja mchanganyiko. ECU haipimi mafuta. Kwenye injini ya petroli ya kawaida hakuna sensa inayohesabu matone yanayopita kwenye nozeli. Inachoamua ni muda tu: nozeli ikae wazi milisekunde ngapi. Ili kuupata muda huo inakadiria hewa iliyoingia silindani, inagawanya kwa uwiano unaotakiwa, kisha inageuza jibu kuwa milisekunde. Majedwali yamewekwa pale ambapo hesabu inakwama, yaani kwenye mambo ambayo hayana sensa wala fomula nyepesi.

Tuanze na mfumo wa sensa ya MAP (presha ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda), maana hesabu yake iko wazi. Chukua injini ya petroli ya lita 1.6, silinda 4, nozeli za cc 250 kwa dakika. Kila silinda ni lita 0.4.

Mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, presha ya manifodi ni kPa 100, hewa ina nyuzi 27, yaani Kelvini 300. Kwa sheria ya gesi, lita moja ya hewa hiyo ina gramu 1.16. Silinda ingejaa sawasawa ingebeba gramu 0.464. Lakini haijai sawasawa. Valvu hufunguka kwa muda mfupi, njia ya hewa ina mikunjo, gesi chafu nyingine hubaki ndani. Hapo ndipo jedwali la kwanza linapoingia: ufanisi wa ujazo, ambao kila mtu anauita VE. ECU inasoma mizunguko kwa dakika upande mmoja na presha upande wa pili, inakuta mfano 85. Basi hewa halisi ni 0.464 × 0.85 = gramu 0.395.

Gawanya kwa 14.7, uwiano wa petroli isiyochanganywa na ethanoli: miligramu 26.9 za mafuta.

Nozeli ya cc 250 hutoa gramu 185 hivi kwa dakika (petroli ina gramu 0.74 kwa cc), ambazo ni miligramu 3.08 kwa kila milisekunde. 26.9 ÷ 3.08 = milisekunde 8.7. Ongeza uchelewaji wa nozeli kufunguka, tuseme 0.9, unapata 9.6.

Kwa kuwa mafuta yamekanyagwa mwisho, ECU haitaki 14.7. Jedwali jingine, la uwiano unaolengwa, litasema 12.6 au karibu na hapo ili injini itoe nguvu na isigonge. Mafuta yanakuwa miligramu 31.3, muda unakuwa kama 11.1 pamoja na uchelewaji. Kwa mizunguko 6000 mzunguko kamili wa injini huchukua milisekunde 20, hivyo kama VE ingebaki 85 hadi huko nozeli ingekuwa wazi 55% ya muda. Bado ina nafasi. Ikifika 85% anza kuwa na wasiwasi, maana haipati tena muda wa kujifunga na kufunguka vizuri.

Sasa linganisha na sailensi, injini inazunguka bila kukanyagwa: kPa 35, hewa nyuzi 40, VE 60. Mafuta ni miligramu 6.4 tu, muda milisekunde 2.06, na ukiongeza 0.9 unapata karibu 3.0. Iwekeni akilini hiyo 0.9. Kwenye mzigo mkubwa ni kitu kidogo, kwenye sailensi ni karibu theluthi ya muda wote.

#2 kranki_sensa

Mkuu, jedwali lina mistari 16 kwa 16. Injini haitui juu ya namba kamili kila mara. Iko 2200, jedwali lina 2000 na 2500. Inachukua ipi?

#3 Kalibreta

Haichukui ipi, inachukua zote nne zinazoizunguka na kukadiria kati yake.

Mfano: injini iko mizunguko 2200 na kPa 64. Visanduku vya jirani ni hivi:

kPa 60: kwenye 2000 kuna 72, kwenye 2500 kuna 76
kPa 70: kwenye 2000 kuna 75, kwenye 2500 kuna 80

2200 ni 0.4 ya njia kutoka 2000 kwenda 2500. Mstari wa chini: 72 + 0.4 × 4 = 73.6. Mstari wa juu: 75 + 0.4 × 5 = 77. Kisha 64 ni 0.4 ya njia kutoka 60 kwenda 70: 73.6 + 0.4 × 3.4 = 74.96. Hiyo ndiyo VE itakayotumika. Kazi hii hurudiwa mara nyingi kila sekunde, kiasi kwamba prosesa za familia ya Motorola HC12 zilipewa amri maalumu ya kusoma jedwali na kukadiria katikati, TBL na kaka yake ETBL.

Mambo mawili yanatokana na hili. La kwanza, ukihariri kisanduku kimoja unaathiri eneo lote linalokizunguka. Mtu anayepandisha kisanduku kimoja kwa 15 ili kuondoa mkwamo wa 2300 anajenga mlima wenye miteremko pande zote, na injini itaukanyaga kila ikipita hapo. Uso wa VE wa injini nzima hupanda na kushuka taratibu. Ukiona jino, kwanza shuku data, injini baadaye.

La pili ni ukingo. Jedwali likiishia kPa 100 na turbo ikasukuma 140, ECU nyingi hazikisii mbele ya ukingo: zinashikilia thamani ya kisanduku cha mwisho. Na kama sensa ya MAP yenyewe inaishia karibu kPa 105, volti zinagota juu na ECU inaamini presha ni ile ile. Hewa imeongezeka kwa 40%, mafuta yamebaki pale pale. Pistoni hutoboka hivyo.

Mistari ya jedwali pia haihitaji kuachana kwa umbali sawa. Weka mingi kati ya 600 na 2000, ambako VE hubadilika haraka na gari huishi muda mwingi. Kutoka 5000 kwenda juu, hatua za 500 hadi 1000 zinatosha.

#4 Waya_Moto

Uzi mzuri, ila watu wasije wakadhani kila gari ina jedwali la VE kama mhimili. Gari zenye sensa ya MAF zinapima hewa moja kwa moja. Waya au kipande cha filamu hupashwa moto, hewa inakipooza, umeme unaohitajika kukirudishia joto unakuambia ni gramu ngapi zimepita kwa sekunde. Jedwali lake ni mstari mmoja tu: volti, au masafa kwa zile za kidijitali, upande huu, gramu kwa sekunde upande ule. Na si mstari ulionyooka. Huku juu volti kidogo inabeba hewa nyingi.

Hesabu: MAF inasoma gramu 20 kwa sekunde kwenye mizunguko 2400. Injini ya silinda 4 inavuta hewa mara 80 kwa sekunde (2400 ÷ 120 × 4). 20 ÷ 80 = gramu 0.25 kwa kila silinda. Kuanzia hapo njia ni ile ile ya Kalibreta: gawanya kwa 14.7, gawanya kwa mtiririko wa nozeli, ongeza uchelewaji.

Tofauti kubwa inaonekana mpira ukichanika baada ya MAF na baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu). Hewa inaingia bila kuhesabiwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi (mafuta pungufu kwa hewa iliyopo), sailensi inayumba. Mpira huo huo ukichanika kwenye gari ya MAP, presha ya manifodi inapanda, ECU inaiona na kuongeza mafuta. Mchanganyiko unabaki karibu na sawa, ila sailensi inapanda. Tundu moja, dalili mbili.

#5 lambda_moja

Nyongeza kwa #1: VE inaweza kuzidi 100 na jedwali lisiwe na kosa. Kwanza kwa sababu mawimbi ya hewa kwenye manifodi ndefu yanaweza kusukuma hewa ya ziada pale valvu inapokaribia kufunga. Pili, kwenye ECU nyingi VE inapimwa dhidi ya presha ya manifodi, si ya nje. Ndiyo maana injini ya turbo inaweza kuwa na VE ya 90 kwenye kPa 200: presha ilishaingia kwenye fomula. Usiizidishe mara mbili.

#6 PampuReli

Niongezee upande wa nozeli, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya zaidi.

Uchelewaji wa nozeli ni nini? Umeme unapoingia kwenye koili, sindano hainyanyuki papo hapo. Sumaku inajengeka kwanza. Umeme ukikatwa, sindano nayo inachelewa kurudi. Tofauti ya kuchelewa kufunguka na kuchelewa kufunga ndiyo namba inayoongezwa. Inategemea volti za betri, kwa hiyo ECU ina jedwali lake: mfano volti 14 ni 0.9, volti 12 ni 1.2, volti 10 ni 1.7. Namba hizi hutofautiana kwa kila aina ya nozeli na hubadilika pia na presha ya mafuta, kwa hiyo usizinakili. Chukua za nozeli yako.

Angalia madhara yake. Uchelewaji ukiwa na kosa la 0.2 kwenye sailensi ya #1, hiyo ni 0.2 juu ya 2.06, karibu 10% ya mafuta. Kwenye mzigo kamili ni 0.2 juu ya 8.7, kama 2%. Sasa mtu anaona sailensi ni nyepesi, anapandisha VE ya visanduku vya chini kwa 10%, anafurahi. Usiku anawasha taa, feni ya rejeta inaanza, volti zinashuka, injini inazima. VE haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye jedwali la volti na limefichwa chini ya zulia la jedwali jingine.

Presha nayo: mtiririko wa nozeli hufuata kipeo cha pili cha tofauti ya presha kati ya reli (bomba linalolisha nozeli) na manifodi, ukichukua kizizi chake, yaani kipeuo cha pili. Bar 3 kwenda bar 4 si ongezeko la theluthi. Ni kizizi cha 4/3, yaani 1.155. Nozeli ya cc 250 inakuwa ya cc 289.

Gari zenye regyuleta iliyounganishwa na manifodi kwa mpira mwembamba hushikilia tofauti hiyo isibadilike. Zile zisizo na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi mara nyingi hushikilia presha ya reli dhidi ya hewa ya nje. Reli ikiwa kPa 350 juu ya hewa ya nje na manifodi iko kPa 35, nozeli inahisi tofauti ya kama 415. Mafuta yakikanyagwa mwisho inahisi 350. Kizizi cha 415/350 ni 1.09. Usipoipa ECU jedwali la marekebisho hayo, 9% hiyo itaingia kimyakimya kwenye VE.

#7 lambda_moja

PampuReli, sentensi ya "kipeo cha pili, ukichukua kizizi chake" itawachanganya watu. Mtiririko hufuata kizizi cha tofauti ya presha, basi. Hesabu zako ziko sawa.

#8 PampuReli

Sawa, nimekubali.

#9 kranki_sensa

Swali: mtu akifunga nozeli za cc 440 badala ya 250, si anazidisha jedwali lote la VE kwa 250/440 tu? Ni 0.57. Na kwenye gari za MAF nimeona wanashauri kupunguza mstari wa MAF kwa kiasi hicho hicho.

#10 Kalibreta

Gari itawaka na itatembea. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hewa haijabadilika. Silinda bado inavuta gramu zile zile. Kilichobadilika ni nozeli, kwa hiyo badili namba ya nozeli: mtiririko, jedwali la uchelewaji, na jedwali la muda mfupi kama ECU inalo. Usiiguse VE.

Ukipunguza mstari wa MAF kwa 0.57, umeiambia ECU kwamba hewa ni karibu nusu. Mafuta yatatoka sawa kwa sababu nozeli ni kubwa. Lakini namba ya hewa kwa silinda haitumiki kwenye mafuta peke yake. Jedwali la cheche linasomwa kwa mzigo huo huo. ECU ikidhani mzigo ni 0.23 badala ya 0.40 itatua kwenye safu za mzigo mwepesi, ambako cheche inapigwa mapema kwa nyuzi nyingi zaidi. Umekanyaga mwisho, cheche imewekwa ya kutembea polepole, injini inagonga. Kwenye gari za otomatiki gia nayo inapata taarifa ya nguvu isiyo ya kweli na inabadili kwa presha ndogo ya mafuta ya gia.

Sailensi nayo ina yake. Ile 2.06 inakuwa 2.06 × 0.57 = 1.17. Kwenye muda mfupi kiasi hicho, nozeli nyingi hazifuati tena mstari ulionyooka: sindano haijafika juu kabisa kabla ya kuambiwa irudi. Mapigo mawili ya muda sawa yanatoa mafuta tofauti, na silinda moja inaweza kupata zaidi ya jirani yake. Nozeli kubwa kupita mahitaji ni kero ya sailensi, hata jedwali liwe safi vipi.

#11 Waya_Moto

Naunga mkono #10. Yeyote anayetaka kujua kama gari ilichezewa hivyo asome "mzigo uliokokotolewa" kwenye skana akiwa amekanyaga mwisho. Injini isiyo na turbo iliyo nzima itasogea juu, karibu na 90 au zaidi kwenye mizunguko ya katikati. Ikigotea 50 na gari inavuta vizuri, kuna mtu amedanganya MAF. Ikigotea 50 na gari haivuti, basi MAF ni chafu au njia ya hewa/ekzosi imeziba.

#12 trimu_ndefu

Bado hatujagusa kinachosahihisha makosa ya majedwali: sensa ya oksijeni na trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo ECU inaongeza au kupunguza.

Sensa ya kawaida, ile nyembamba, inaruka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, na mpaka wake ni karibu 0.45. Inajua upande tu: mzito au mwepesi. Haijui kwa kiasi gani. ECU inaongeza mafuta kidogo kidogo hadi sensa iruke, inapunguza hadi iruke tena, na wastani wa kupanda na kushuka huko ndiyo trimu fupi. Trimu fupi ikikaa upande mmoja kwa muda, ECU inaihamishia kwenye trimu ndefu, ambayo nayo ni jedwali lililohifadhiwa kulingana na mzigo na mizunguko. Kwenye gari nyingi ukomo wake uko jirani na 25% kila upande, na msimbo wa hitilafu P0171 (mwepesi) au P0172 (mzito) huja baada ya trimu kukaa mbali kwa muda.

Jumlisha fupi na ndefu, kisha zisome katika hali tatu: sailensi, mizunguko 2500 gari ikiwa imesimama, na mzigo mkubwa barabarani.

Trimu kubwa ya kuongeza kwenye sailensi (+20) inayoyeyuka kwenye 2500 (+3) kwenye gari ya MAF: hewa inaingia bila kuhesabiwa. Sababu ni hesabu tupu. MAF inaona gramu 2.5 kwa sekunde, tundu linaongeza 0.5. Hiyo ni 20%. Kwenye gramu 40, tundu lile lile halifiki hata 1.5%, tena uvutaji wa manifodi unakuwa umepungua.

Trimu ndogo kwenye sailensi inayopanda kadiri mzigo unavyoongezeka: pampu dhaifu, filta ya mafuta imeziba, au MAF chafu inayosoma chini. Kutofautisha, pima presha ya reli ukiwa kwenye mzigo. Ikishuka, ni upande wa mafuta. Ikisimama imara, rudi kwenye MAF.

Trimu sawa kila mahali, tuseme +12 katika hali zote tatu: kuna kosa la kuzidisha. Presha ya reli iko chini muda wote, nozeli zina uchafu sawasawa, au mafuta yana ethanoli nyingi kuliko jedwali linavyodhani. E10 inataka uwiano wa karibu 14.1 na E85 karibu 9.8. Jedwali la 14.7 likipewa E85 linahitaji kama 50% zaidi, na hakuna trimu ya kawaida inayofika huko.

Trimu hasi kwenye sailensi: angalia nozeli inayovuja, valvu ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi, au diafragma ya regyuleta iliyotoboka na kumwaga mafuta kwenye ule mpira wa manifodi. Chomoa mpira, nusa. Ukikuta petroli humo umemaliza.

Na tahadhari: silinda inayomisi (isiyowaka vizuri) inatupa oksijeni isiyochomwa kwenye ekzosi. Sensa inasema "mwepesi", ECU inaongeza mafuta kwa silinda zote, plagi zinapiga masizi. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa linafanya vivyo hivyo. Tibu kumisi kwanza, trimu baadaye.

#13 kranki_sensa

Na wakati injini ni baridi, sensa ya oksijeni bado haijapata joto? Nani anasahihisha?

#14 Kalibreta

Hakuna. Hapo ECU inatembea kwa majedwali matupu, na ndiyo maana gari inayosumbua ikiwa baridi tu huwa na kosa kwenye jedwali au sensa ya joto, halafu ikipata moto kosa linafunikwa na trimu.

Kuna jedwali la joto la maji dhidi ya nyongeza, jedwali la mafuta ya kuwashia, na jedwali linalofifisha nyongeza baada ya kuwaka. Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri. Sehemu yake inalamba ukuta wa manifodi na kubaki pale kama utando, kwa hiyo unamwaga zaidi ili kinachofika silindani kama mvuke kitoshe.

Sensa ya joto la maji nyingi zina kama omu 2,000 hadi 2,500 kwenye nyuzi 20, na karibu 300 kwenye nyuzi 80. Kontakti ikishika kutu na kuongeza omu, ECU inaamini maji ni ya baridi kuliko ukweli na inaendelea kumwaga. Waya ukikatika kabisa, inasoma nyuzi 40 chini ya sifuri. ECU nyingi zinagundua, zinachukua joto la kudhania na kuwasha feni muda wote. Ile ya kutu ndiyo mbaya, kwa sababu haiwashi taa yoyote.

Ule utando ndio pia unaoeleza kwa nini gari inajikwaa ukikanyaga ghafla. Presha ya manifodi ikipanda, mafuta mengi zaidi yanabaki ukutani kabla ya kuachia, na kwa mizunguko michache ya injini silinda inapata pungufu. ECU za zamani zinaongeza pigo kulingana na kasi ya kufunguka kwa throto. Za kisasa zina modeli yenye namba mbili: sehemu ya mafuta inayotua ukutani, na muda unaochukua kuachia. Zote mbili huwekwa kwenye majedwali ya joto na mzigo. Ukiachia mguu, mambo yanageuka: utando unayeyuka na kuongeza mafuta usiyoyaomba, kwa hiyo ECU lazima ipunguze.

#15 Dizeli_Tupu

Kwenye dizeli mpangilio umepinduka, wakuu. Hakuna kuanza na hewa. Mguu unaomba torki (nguvu ya kuzungusha), jedwali linageuza torki kuwa miligramu kwa kila pigo, kisha jedwali la ukomo wa moshi linauliza: hewa iliyopo inatosha? MAF ikisoma chini, ukomo unakata miligramu na gari inakosa nguvu bila moshi. Trimu ya oksijeni kama ya petroli usiitafute.

Jedwali la mwisho ni la muda: miligramu upande mmoja, presha ya reli upande wa pili, jibu kwa mikrosekunde. Miligramu zile zile kwenye bar 1600 zinahitaji muda mfupi sana kuliko kwenye bar 300. Nozeli nyingi za komoni reli (reli moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote) huja kila moja na msimbo wa marekebisho yake. Ukibadili nozeli bila kuandika msimbo mpya kwenye ECU, jedwali ni sahihi ila nozeli siyo ile jedwali linayoijua.

#16 ramani_za_me

Hata petroli za kisasa zimeelekea huko. Kwenye ECU ya Bosch ME7 mguu ni ombi la torki. Torki inageuzwa kuwa mzigo unaotakiwa, mzigo unageuzwa kuwa pembe ya throto, na mafuta yanahesabiwa kwa hewa iliyopatikana kweli. Namba inayogeuza mzigo kuwa muda wa nozeli inaitwa KRKTE, na uchelewaji kwa volti ni TVUB. Anayebadili nozeli anaanza na hizo mbili.

Kwa wanaopenda historia ya mifumo ya Bosch: D-Jetronic ya 1967 ilitumia presha ya manifodi, L-Jetronic ya 1974 ikatumia mlango unaosukumwa na hewa, na zote mbili zilikuwa saketi za analogi zisizo na jedwali hata moja. "Jedwali" lao lilikuwa umbo la saketi na chemchemi. Majedwali ya kidijitali ya mafuta na cheche pamoja yalikuja na Motronic mwaka 1979.

#17 kranki_sensa

Swali la mwisho. Mtu mwenye ECU ya kujipangia, kama MegaSquirt au Speeduino, aanzie wapi? Majedwali ni mengi.

#18 Kalibreta

Anza na kile kinachopimika nje ya injini, uache VE mwisho.

Pima presha ya reli. Ingiza mtiririko wa nozeli kwa presha hiyo, si kwa presha ya kwenye karatasi. Ingiza uchelewaji wa volti zote kuanzia 8 hadi 16. Hakikisha MAP inasoma presha ya nje ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, na kwamba joto la maji na la hewa yanalingana injini ikiwa imelala usiku kucha.

Zima nyongeza ya kukanyaga ghafla. Zima usahihishaji wa oksijeni. Weka sensa pana ya lambda (lambda ni uwiano halisi ukigawanywa kwa ule wa 14.7; zaidi ya 1 ni mwepesi). Pasha injini hadi nyongeza ya joto isome 100%, la sivyo utaandika joto la maji ndani ya VE.

Shikilia kisanduku kimoja hadi usomaji utulie, kisha: VE mpya = VE ya zamani × lambda iliyopimwa ÷ lambda inayolengwa. Jedwali linasema 74, unalenga 1.00, unapima 1.06: 74 × 1.06 = 78.4. Anzia mzigo mdogo, panda. Visanduku ambavyo hujavifikia vikadirie kutoka kwa jirani na uviweke vizito kidogo, hasa vya mzigo mkubwa. Lainisha, pima upya. Cheche ya mzigo mkubwa iache ikiwa imecheleweshwa hadi mafuta yakae sawa.

VE ikitulia ndipo urudishe nyongeza ya kukanyaga, kisha usahihishaji wa oksijeni, na ukiuruhusu uupe mamlaka madogo, 5% hadi 10%. Jedwali la baridi utalifanya asubuhi kadhaa tofauti, maana kila siku injini inapoa mara moja tu ya kukufaa.

#19 trimu_ndefu

Kwenye #18 ongeza: sailensi ya injini yenye kamshafti kali MAP hutetemeka, usomaji haushikiki. Hapo tumia pembe ya throto badala ya presha kwenye eneo la chini, kisha changanya kuelekea MAP mzigo unapopanda. Ila jedwali la throto halijui urefu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo lazima liwe na marekebisho ya presha ya nje, na sensa ya pili ya presha iliyo wazi kwa hewa ni bora kuliko kusoma mara moja tu wakati wa kuwasha.

#20 kranki_sensa

Na kwa gari ya kawaida, baada ya kusafisha MAF trimu ndefu bado inaonyesha +15. Imeshindikana?

#21 trimu_ndefu

Hapana. Hiyo +15 ni kumbukumbu ya MAF chafu. Sasa hewa inasomwa sawa na nyongeza ya zamani bado ipo, kwa hiyo utaona trimu fupi ikivuta kuelekea −15. Jumla ni sifuri, na jumla ndiyo unayoiangalia. Futa trimu kwa skana, au endesha kwenye mizigo tofauti hadi kila kisanduku cha trimu ndefu kipitiwe. Kisanduku usichokitembelea kinabaki na ya zamani.